Ukingo wa Jicho la Kushoto

Mpimaji aliuona mstari Jumatatu asubuhi, wakati hata hautafuti. Daktari alikuwa amemwagiza achapishe picha za wagonjwa watatu wa upasuaji wa Jumatano, naye alikuwa amefika kwenye ya tatu, ya wifi yake. Alikuwa anasubiri mashine ya kuchapia ipate moto. Akaikuza picha kwenye kioo cha kompyuta, kupoteza muda tu, na mkono wake ukabaki pale pale juu ya kipanya.

Kazi yake kwa miaka kumi na moja ilikuwa kupima sehemu ya mbele ya jicho: upana wa duara lile la rangi, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, na kina cha nafasi iliyojificha nyuma yake. Kwa vipimo hivyo daktari huagiza lenzi ya kupandikiza, kitu chembamba kama utando wa kitunguu, kinachokunjwa na kupenyezwa ndani ya jicho la mtu ambaye miwani imeshindwa kumsaidia. Lenzi hizo huja kwa saizi chache, na kati ya saizi moja na nyingine kuna kama nusu milimita. Ikiwa ndogo mno, inalalia lenzi ya kuzaliwa nayo na kuitia ukungu. Ikiwa kubwa mno, inavimba mbele kama mkeka uliobanwa kwenye chumba kidogo, inaziba njia ya maji ya jicho, na presha inapanda humo ndani taratibu, mwenyewe akiwa hana habari.

Mashine huchora mstari yenyewe pale nyeupe inapokutana na rangi. Kwenye jicho la kulia la wifi mstari ulikaa sawasawa. Kwenye la kushoto, upande wa puani, palikuwa na kinyama kidogo cha manjano, kile kinachowaota watu wa juani na vumbini, na mstari ulikuwa umekipanda. Mashine ilikuwa imepima jicho pamoja na kinyama. Chini ya picha palikuwa na alama ya kijani ya kusema mambo shwari, na chini ya alama hiyo palikuwa na sahihi yake mwenyewe.

Alikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya kama wiki sita nyuma, benchi limejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Wagonjwa wengine wote wa lenzi aliwapima mara mbili, kwanza kwa mashine, kisha kwa mkono kwa bikari yake ndogo ya chuma. Lakini wifi alipoitwa, mzee mmoja pale kwenye benchi alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba hapa ukiwa na ndugu hupangi foleni. Mpimaji aliona haya. Akampima wifi kwa mashine tu, upesi upesi, akasaini, akaita anayefuata. Aliogopa kuonekana anampendelea, na kwa hofu hiyo akampunja.

Akachapisha picha zote tatu, akaziweka kwenye bahasha. Ila hakuipeleka bahasha kwa daktari. Aliitia kwenye droo, akaendelea na foleni mpaka saa tisa.

Nyumbani waliishi wanne. Kulikuwa na yeye na mumewe, fundi bomba. Kulikuwa na mama mkwe, aliyestaafu jikoni kwenye shule ya bweni. Na kulikuwa na wifi mwenyewe, dada mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Chupa kwa ajili ya miwani yake. Vioo vya miwani hiyo vilikuwa vinene kiasi kwamba ukimtazama, macho yake unayaona madogo na ya mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Bila miwani hakuweza kuhesabu vidole vya mkono wake mwenyewe akiunyoosha.

Chupa alibeba magunia kwenye ghala, kazi aliyoifanya sawa na wanaume na kulipwa pungufu yao. Alichotaka ni zimamoto. Alikuwa ameomba mara mbili. Mara zote mbili alishinda mbio, akashinda kupanda ngazi na mpira wa maji begani, akaangushwa kwenye chumba cha macho, kwa kuwa miwani haiingii ndani ya kinyago cha moshi. Mara ya pili msaili alivaa miwani ya Chupa kwa mzaha na kujigonga mlangoni makusudi ili wenzake wacheke. Safari hii alikuwa amepita tena kila kitu, na vipimo vya macho vilikuwa Jumatano ya wiki inayofuata. Mwisho wa kuandikishwa ni miaka ishirini na mitano. Chupa alibakiza miezi miwili afikishe ishirini na sita. Mama yake alikuwa ametoa kiinua mgongo chake kulipia lenzi zote mbili, na katika nyumba ile hakuna aliyelisema jambo hilo, kwa sababu kila mtu alilijua.

Jioni ile mpimaji alimkuta Chupa uani akipanda na kushuka ngazi ya kaka yake, gunia la mchanga mgongoni, na mama mkwe ameketi kwenye kiti akihesabu mizunguko. Mama alimwambia mkwewe aoge apumzike, chakula kipo, na kwamba amewaambia wanawake wenzake kuwa mkwe wake ndiye aliyempima binti yake. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa akiwaambia kwamba mkwe wake anafanya kazi ya kuchungulia watu.

Mpimaji alimwambia mumewe habari ya mstari wakiwa wawili nyuma ya nyumba, yeye akimshikia bomba, mume akilichonga uzi wa kuungia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuzungusha mkono.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wewe."

"Na daktari ameshaiona hiyo karatasi?"

"Ameiona, na lenzi ameagiza kwa karatasi hiyo hiyo. Ziko kwenye kabati lake."

Fundi alipuliza chembe za chuma. Alisema mashine ile imegharimu pesa ya nyumba nzima, na daktari amesoma kuliko wao wote, na kama wote wawili wameridhika, yeye anajitia kiherehere cha nini. Akauliza tofauti yenyewe ni kiasi gani. Mkewe akamwambia haifiki hata nusu milimita.

"Nusu milimita," fundi alisema. "Mimi nusu milimita naziba kwa utepe."

"Bomba likivuja unaliona. Utaona maji chini."

Fundi aligeuza bomba upande wa pili. Akasema kwamba lolote atakaloamua, asimwambie mama kabla ya Jumatano, kwa kuwa mama atakufa kwa presha kabla jicho la mtu halijapata hiyo presha. Ulikuwa utani, lakini bomba lile alilikata fupi, ikabidi achukue jingine.

Jumanne saa moja asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, mpimaji alimwita Chupa kliniki. Njiani alimwambia ni kipimo cha kawaida cha kuhakikisha. Alimkalisha, akamtia tone la ganzi, akaegemeza kidevu chake kwenye kishikizo, akachukua bikari. Chupa alikuwa mgonjwa mzuri, hakupepesa, hakuuliza. Mpimaji aliweka ncha moja kwenye ukingo wa kweli, kando ya kinyama, na ya pili upande wa sikio. Akasoma namba. Akaifunga bikari, akaanza upya. Mara tatu ilimpa namba ile ile, na haikuwa namba ya kwenye karatasi. Kwa namba hii lenzi ya kushoto ilitakiwa iwe saizi moja chini.

Angeweza kunyamaza hata hapo. Alikaa kwenye kigoda chake cha magurudumu, akamweleza wifi yake kila kitu: Ijumaa, mzee wa kwenye benchi, kinyama, mstari, sahihi. Hakujitetea, ila pia hakuomba radhi, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Chupa alivaa miwani yake.

"Lenzi nyingine inachukua muda gani kufika?"

"Wiki nne. Tano pengine."

"Na hii kubwa, wakiniweka kesho, nitaona?"

Hilo ndilo swali ambalo mpimaji alikuwa ameomba usiku mzima lisiulizwe. "Utaona," alisema. "Utaona vizuri sana."

"Jumatano ijayo nitasoma ule ubao?"

"Utausoma mpaka mstari wa mwisho."

"Basi."

"Wifi, baada ya miezi jicho litaanza..."

"Nimesikia. Baada ya miezi nitakuwa nimeshavaa magwanda. Likisumbua wataitoa, wataweka nyingine. Si umesema inatoka?"

"Inatoka. Lakini presha ikishaua kitu ndani ya jicho, hicho hakirudi. Na haikupigii hodi."

Chupa alitazama chati ya herufi ukutani, ile ambayo kwa miaka mingi aliijua kwa kuikariri na si kwa kuiona. Sauti yake haikupanda. "Wewe una macho," alisema. "Toka nimezaliwa watu wenye macho ndio wananiamulia. Jicho ni langu, hela ni za mama yangu, na umri unaoisha ni wangu. Wewe chako hapo ni nini? Sahihi. Andika ile ile."

Mpimaji alishika bikari mkononi mpaka ikapata joto. Alimwambia kwamba hataandika ile ile. Chupa aliinuka, akasema asante ya kumwambia mhudumu wa dukani, na akatoka akigonga fremu ya mlango kwa bega, kwa maana tone la ganzi lilikuwa bado halijaisha jichoni.

Daktari hakufoka, na afadhali angefoka. Alikuwa amesimama mapokezi na faili mkononi, mbele ya mhudumu wa mapokezi na mtaalamu mpya, mwanamke mwenye shahada aliyeajiriwa mwezi uliopita. Mpimaji aliomba wazungumze ofisini. Daktari alisema wazungumze hapo hapo, ana dakika mbili.

Alipomaliza kueleza, daktari alichukua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu, daktari."

"Na huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Wifi yangu."

Mhudumu wa mapokezi alijifanya anatafuta kalamu. Daktari aliuliza kama ana uhakika kwamba si kipimo cha leo ndicho chenye makosa, maana mkono nao ni mashine ya nyama. Mpimaji alijibu kwamba amepima mara tatu. Basi Chupa aliitwa tena kwa simu, akaja na uso mkavu kama ukuta, akapimwa na daktari mwenyewe, kisha na mtaalamu mpya, kila mmoja peke yake bila kuambiwa namba ya mwenzake. Wote wawili walipata namba ya bikari.

Daktari aliamua mambo manne, akayasema kwa mpangilio bila kumwangalia mtu. Lenzi ya kushoto itarudishwa ilikotoka ikiwa na lakiri yake, na nyingine itaagizwa. Jicho la kulia litapasuliwa kesho kama ilivyopangwa. Yeye ataandika barua kwa zimamoto kuomba mgonjwa asogezewe tarehe. Na kuanzia leo karatasi zote za mpimaji zitapitiwa na kusainiwa na mtaalamu mpya kabla ya kufika mezani kwake. Hilo la nne alilisema kwa sauti ile ile ya hayo mengine, akaondoka zake, na dakika zilikuwa zimetimia mbili na nusu.

"Mimi sikuomba hilo, dada," mtaalamu mpya alimwambia baadaye, kwenye korido.

"Najua," mpimaji alisema. "Nionyeshe unapotaka karatasi ziwekwe."

Mama mkwe aliambiwa na Chupa mwenyewe, jioni hiyo hiyo. Mpimaji alipoingia alikuta maneno yamekwisha kusemwa. Mama alikuwa anapeta mchele. Hakuinua uso. Aliuliza jambo moja tu, na alimwuliza fundi mwanawe, si mkwewe.

"Hivi huyu mkeo, watu wa kule anawapima kila siku, halafu mwanangu ndiye akosee?"

"Mama, amekosea, akasema. Angeweza kunyamaza."

"Angeweza pia kutokosea."

 Tangu jioni hiyo mama aliacha kumwita mkwewe "mwanangu". Alimwita "nyie" hata akiwa peke yake, kama mtu anayeongea na ofisi. Chakula chake alimwekea, maji ya kuoga alimwachia, salamu aliitikia. Kila kitu kilikuwepo ila uso.

Jumatano Chupa alipasuliwa jicho la kulia. Alhamisi walipomtoa bandeji alisoma chati mpaka chini kwa jicho moja, kisha akaomba aitazame tena. Daktari alifurahi. Chupa alimshukuru, akaenda kusimama dirishani. Chini kulikuwa na maegesho na ukuta na nyuma ya ukuta mtu anaanika nguo, naye alizitazama nguo zile moja moja mpaka zamu ya usafi ikamwondoa.

Barua ya daktari ilipelekwa zimamoto na fundi bomba, aliyejitolea kwenda kwa sababu hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyekuwa anazungumza na mwenzake vya kutosha kupanga safari. Alikaa kwenye benchi la zimamoto kutwa. Ofisa aliyemsikiliza hakuwa mtu mbaya. Aliisoma barua yote, akasema angekuwa na mamlaka angempa hata miezi mitatu, binti mwenyewe anamkumbuka, ndiye aliyepanda ngazi na mpira begani akawaacha vijana katikati. Lakini darasa linaanza tarehe moja, na darasa linalofuata ni mwaka ujao, na mwaka ujao umri utakuwa umepita. Alimrudishia barua ikiwa kwenye bahasha yake. Fundi aliuliza kama kuna mtu wa juu zaidi. Ofisa akamwambia yupo, naye atamjibu hivyo hivyo, ila baada ya wiki mbili.

Chupa alikwenda kwenye vipimo hata hivyo. Hakumwambia mtu. Alisoma ubao wote kwa jicho la kulia. Walipolifunika hilo, alisoma herufi ya kwanza, ile kubwa, ambayo aliijua kwa kichwa, akanyamaza. Msaili wa safari hii hakufanya mzaha wowote. Aliandika, akamwambia pole, na Chupa akarudi ghalani mchana ule ule, akaingia zamu ya jioni.

Wiki zilizofuata nyumba iliendelea kama kawaida, kwa mazoea. Usiku mmoja mpimaji alimwuliza mumewe kama na yeye anaona ni bora angenyamaza.  Fundi alisema siku ile nyuma ya nyumba alitaka mkewe anyamaze, na hata sasa akimwona dada yake anatoka na fulana ya ghala, kuna kipande cha moyo wake kinachotaka hivyo. "Lakini nikiumwa jicho mimi," alisema, "nitakuja kwako." Mpimaji aliugeukia ukuta, akalia kidogo bila sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

Lenzi ya pili ilifika wiki ya tano, ikawekwa bila tatizo. Mgonjwa wa lenzi hurudi siku ya pili apimwe tena, kuona kama lenzi imekaa kwa nafasi inayotakiwa, isiguse nyuma wala isisukume mbele. Ni kipimo cha dakika tatu. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limejaa na vyumba vya kupimia sasa vilikuwa viwili, kimoja cha mpimaji na kingine cha mtaalamu mpya, aliyekuwa amemaliza mgonjwa wake na kusimama mlangoni bila mtu.

Mhudumu wa mapokezi aliita jina la Chupa, akamwonyesha mlango wa mtaalamu.

"Huko pako wazi, ingia."

Chupa alitazama mlango ule, akatazama na wa pili, uliofungwa. "Namsubiri wifi," alisema.

"Ana watu watatu mbele yako."

"Sina haraka."

Alisubiri zaidi ya saa nzima. Mpimaji, alipofungua mlango na kumwona, alidhani amekosea chumba. Chupa aliingia, akakaa, akaweka kidevu kwenye kishikizo bila kuambiwa. Uso wake bila miwani ulikuwa mgeni bado. Macho yalikuwa makubwa, na sasa yalikuwa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa anamwona mke wa kaka yake vizuri, na alimtazama bila aibu, paji, mikunjo ya kando ya mdomo, mvi mbili tatu.

"Umezeeka," alisema.

"Wiki tano hizi."

Mpimaji alizima taa. Akapima jicho la kulia, akapima la kushoto. Pengo la nyuma ya lenzi lilikuwa zuri, katikati kabisa ya kiasi kinachotakiwa. Angeweza kuishia hapo. Nje watu walikuwa wanakohoa kwa makusudi na mmoja alikwisha kugonga mlango. Aliandika namba, akaifunika karatasi kwa kiganja, akarudisha kidevu cha wifi yake mahali pake kwa vidole viwili, na kuanza upya.

Mlango uligongwa tena.

"Waache wagonge," Chupa alisema, na hakupepesa.